Begi la Mwende Katika Miji Mitatu

Kina mama wa kikundi chetu, na wewe jirani yangu Mama Naserian ambaye hata hujauliza kwa mdomo ila unaniangalia tu juu ya ua: najua mnangoja. Tangu nirudi mmenisimamisha dukani, mmenisimamisha nje ya kanisa, mmoja amenisimamisha nikiwa kwenye foleni ya boza la maji na ndoo zangu mkononi. "Ulaya ilikuwaje? Picha ziko wapi? Mbona umerudi na uso huo?" Nimechoka kusema kipande leo kwa huyu, kipande kesho kwa yule. Nimeketi nikaandika yote mara moja. Tumianeni kwa simu, kisha mniache niuze yunifomu zangu kwa amani.

Na mniwie radhi, nimeandika nikiwa na hasira. Nilidhani itapungua nikishalala kitandani mwangu, lakini wapi.

KITENGELA: MIPANGO

Mnanijua, mimi si mtu wa birthday. Nilisema miaka sitini ikifika, kama ni lazima nimwagiwe maji ya birthday, basi nimwagiwe, tukate keki, na kesho yake nifungue duka kama kawaida. Lakini Mwende, kitinda mimba wangu aliye Ujerumani, akapiga simu ya video jioni moja tukiwa tumeketi sebuleni mimi na Baba Mutua.

"Mami, sixty si mchezo," akasema. "Wewe na Baba mnakuja huku. Nimeshaongea na Mutua, atasaidia."

Mutua ndiye kifungua mimba wetu, anafanya kazi Nairobi. Nilipiga vigelegele mpaka Mama Naserian akachungulia kuona kama kuna harusi. Miaka mingi sijamwona mtoto wangu ila kwenye kioo cha simu, na kile kioo kina ufa! Nikamwambia Mwende nataka kitu kimoja tu. Nataka kuingia kwake. Niketi kwenye kiti chake, nile chakula kilichopikwa na kupakuliwa na yeye ndani ya nyumba yake. Hayo mengine ya kupanda minara ni ya vijana.

Mwende akakohoa. "Mtaona Amsterdam kwanza, halafu Brussels, halafu Cologne. Yaani miji mitatu, Mami! Watu hulilia hiyo safari."

"Na kwako?"

"Kwangu ni hapo karibu na Cologne. Tutaona."

Tutaona. Hilo ndilo neno tunalomwambia mtoto anayelilia soda, na mimi nimelitumia kwa watoto watatu. Lakini siku hiyo lilinipita, kwa sababu akilini nilikuwa na ile picha ya jikoni. Mnaikumbuka. Makabati ya rangi ya manjano, maua dirishani, Mwende amesimama na kikombe anacheka. Alituambia ni muuguzi hospitalini na hiyo ndiyo nyumba anayokaa. Niliwaonyesha nyinyi nyote ile picha. Nilimwonyesha pasta pia, mara mbili.

Sasa, mama haendi kwa binti yake mara ya kwanza mikono mitupu. Hilo sina haja ya kuwaeleza, kwa maana mlikuja wenyewe na leso na sahani. Begi likajaa: sufuria kubwa na mfuniko wake, mwiko, thermos, leso, unga wa ugali, ndengu za kutoka kwetu Makueni, majani ya chai, sukari. Mutua alipoona sukari akashika kichwa.

"Mum, haki ya Mungu, unabeba sukari unapeleka Ulaya?"

Nikamwambia anyamaze, yeye hajui nyumba inaingiwa namna gani.

Mama Naserian ndiye aliyekuja mwisho. Alikuwa ametoka kwa wazazi wake Kisaju na kibuyu cha maziwa mala. "Hii mpatie msichana akunywe," akasema. "Huko maziwa yao ni ya karatasi." Nikakifunga kwa leso na taulo, nikakilaza katikati ya unga kikae kama mtoto. Begi lilipofungwa, Baba Mutua aliliinua, akaliweka chini, akaniangalia.

ANGANI, NA MAZIWA YA KISAJU

Ya uwanja wa ndege sitayasema, ni foleni na kuvua viatu. Ndani ya ndege Baba Mutua alikula kila kilicholetwa, kisha akamuuliza kijana wa pembeni kama ule mkate wake ataumaliza. Mimi sikupata usingizi. Nilikuwa napanga maneno ya kusema mlangoni kwa Mwende.

Tuliposhuka Amsterdam, begi likaja kwenye ule mshipi unaozunguka, zima, hata halijalowa. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Mbwa mdogo mwenye masikio marefu akaja, akalinusa, akaketi chini. Nikasema, tazama, mbwa wa huku wana adabu. Kumbe kuketi kwake ndiko kusema. Afisa mmoja, mwanamke mrefu, akatuita kando, akaanza kutoa vitu vyangu kimoja kimoja juu ya meza mbele za watu. Sufuria akaigonga. Mwiko akaugeuza huku na huku akaniuliza kwa Kiingereza kama ni silaha.

"Inategemea," Baba Mutua akasema, na mimi nikamkanyaga mguu.

Kisha kibuyu. Akakifungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Maziwa hayaingii, akasema. Ni sheria. Yatatupwa.

Yatupwe? Maziwa ya Mama Naserian, aliyeamka kukamua, akayagandisha, akaja nayo kutoka Kisaju ameyapakata? Nikamuuliza kama sheria inamkataza mtu kunywa. Akafikiri, akasema hapana, kunywa si kosa. "Basi," nikamwambia, "kama hayawezi kuingia nchi yenu ndani ya kibuyu, yataingia ndani ya tumbo langu." Nikainua nikanywa. Nikampa Baba Mutua, naye akanywa kama mtu aliyetoka malishoni. Tulipokezana pale pale mezani, watu wa foleni wanatazama, yule afisa amekunja mikono. Tulipomaliza, akacheka mwenyewe, akaturudishia kibuyu kitupu tuende nacho. Kwa hiyo Mama Naserian, ujue hakuna tone lililomwagwa. Baba Mutua alitafuta choo siku nzima, lakini hilo ni lake.

Mwende alikuwa nje anatungoja. Woi, mtoto wangu! Tulishikana mpaka watu wakazunguka kando kutupita. Amekonda. Nilisikia mifupa ya mabega. Kisha akaona begi.

"Mami, hii yote ni ya nini?"

"Ya nyumba yako."

Alimwangalia baba yake, akaanza kulivuta.

AMSTERDAM

Hoteli ya Amsterdam ilikuwa na ngazi zilizosimama wima, unapanda ukishika ukuta, na lifti hakuna. Baba Mutua alivuta begi kwa juu, Mwende akasukuma kwa chini, mimi nikawa nyuma nikiomba. Katikati Mwende akasimama, jasho linamtoka, akasema, "Mami, si ufungue hapa hapa unipe vitu vyangu, mzigo upungue?"

"Nikufungulie hotelini? Vitu vya nyumba vinafunguliwa ndani ya nyumba."

"Ni vitu tu, Mami."

Ni vitu tu! Nikamuuliza ni nani aliyemfunza kusema hivyo. Tukaendelea kupanda.

Mji wenyewe ni mzuri, siwezi kudanganya. Maji kila mahali, nyumba nyembamba zimeegemeana. Lakini baiskeli! Mara tatu nusura wanimalize, na kila mara ni mimi niliyefokewa. Tukapandishwa mashua, tukavishwa vitu masikioni vya kutueleza habari za nyumba za watu matajiri waliokufa zamani. Baba Mutua akafurahi kabisa. Mimi nilikuwa nawaza, kama ni nyumba za kutazama, mtoto wangu si ana yake?

Tulipotoka nikaomba chai. Nikaletewa glasi ya maji ya moto na tawi la majani mabichi limesimama ndani. Nikamuuliza yule msichana kama hii ni chai ama ni dawa ya kifua. Akasema ni chai. Nikauliza maziwa. Akaniangalia kama nimeomba petroli.

Na kila jioni Mwende alitoka nje na simu. Nilimwona kupitia kioo, ameinamisha kichwa, anaongea ile lugha yao kwa sauti ya chini, ya kubembeleza. Akirudi namuuliza ni nani.

"Ni kazini, Mami."

"Hospitali gani hiyo isiyo na muuguzi mwingine?"

"Mami, kunywa maji yako."

BRUSSELS

Brussels tulipelekwa kuona sanamu. Watu wamejaa, simu juu, wanasukumana. Nikasema hapa lazima kuna mfalme. Nikapenya mpaka mbele. Ni mtoto wa shaba, kimo cha kibuyu, anakojoa! Wallahi, wangesema Waislamu wa pale kwetu stendi. Nimevuka bara zima kuja kutazama mtoto akikojoa? Kitengela nikifungua dirisha la nyuma la duka naona hayo kila siku. Na saa hiyo hiyo niliposema nataka choo, nikaambiwa nilipe. Huyo anakojoa bure barabarani, amepigwa picha na watu wa dunia nzima, na mimi mama wa watoto watatu nalipishwa mlangoni!

Baba Mutua alikuwa na chipsi zake, zimepakwa kitu cheupe juu. Alikula za kwake akala na zangu. Alisema nikishiba hasira nimwambie.

Kisha tukafika mtaa ambao nilisikia Kiswahili. Kilikuwa tofauti kidogo, lakini ni Kiswahili. Nilisimama katikati ya barabara kama nimeitwa jina. Kulikuwa na duka la vitenge, na mwenye duka alikuwa mama mnene kutoka mashariki ya Kongo. Alitusikia tunabishana juu ya begi, kwa sababu tulikuwa bado hatujaingia hoteli na tulikuwa nalo, akatoka nje.

"Mama, karibu! Mulitoka wapi na muzigo hii?"

Akatuketisha. Akatupatia chai ya maziwa, ya tangawizi, mpaka nikataka kulia. Nikamweleza nimekuja kwa binti yangu, natimiza sitini, na begi ni la kuingia kwake.

"Vizuri sana," akasema. "Na munalala kwake?"

"Hapana. Hoteli."

Akamgeukia Mwende aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama yako analala ku hoteli? Na wewe uko huku?"

Hakusema kwa ubaya, lakini Mwende alitoka nje asionekane, akaacha chai yake imejaa. Yule mama akaniomba msamaha. Nikamwambia hana kosa, hata mimi ndilo swali nililokuwa nalo.

Jioni nilimketisha Mwende kitandani kwetu. Nikamuuliza kama ana mwanaume. Akasema hapana. Kama ana mtoto. Hapana. Kama nyumba imeungua.

"Mami, tafadhali."

"Basi ni mimi. Unanionea haya."

Aliinuka akaenda chumbani kwake. Baba Mutua akaniambia nimwache, mtoto amechoka. Nikamuuliza amechoka na nini, kazi ya kututembeza? Nikalala nikiangalia ukuta.

BRUSSELS HADI COLOGNE

Treni ilianza vizuri. Baba Mutua, mnajua alikuwa afisa wa mifugo Kajiado mpaka akastaafu, alibandika uso dirishani. Kila ng'ombe alimtaja. "Mama Mutua, ona kiwele hicho! Huyo mmoja analisha boma nzima." Mimi nilikuwa nimewasalimia watu wote wa behewa tulipoingia, mmoja mmoja, na hakuna aliyeitikia ila mzee mmoja aliyekuwa na mbwa ndani ya mkoba. Mbwa naye aliniangalia.

Mpakani treni ikasimama. Sauti ikasema kitu juu, watu wote wakainuka wakashuka bila kuulizana. Mwende akasema treni imekufa, tungoje nyingine. Tukasimama kwenye baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Hakuna mtu aliyelalamika! Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kwetu tungekuwa tumeshajua jina la dereva na ukoo wake. Kisha sauti ikasema tena, na watu wote wakakimbia, kumbe treni inakuja upande wa pili. Ngazi chini, ngazi juu. Gurudumu la begi likang'oka katikati ya ngazi na likabaki huko.

Yule mzee wa mbwa alishika upande mmoja wa begi, akaguna, akasema kitu.

"Anauliza kama ni mawe," Mwende akasema.

"Mwambie ni ndengu."

Mwende akamwambia kwa njia aliyoijua yeye. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akabeba mpaka ndani. Huyo namwombea.

COLOGNE

Siku yenyewe ilianza vizuri, nitasema ukweli. Mwende alibisha mlango asubuhi na keki ndogo na mshumaa, akaniimbia pamoja na baba yake. Hata hasira ililegea kidogo. Tukaenda kuona kanisa lao kubwa jeusi lenye minara miwili, pale pale karibu na stesheni. Nilikuwa nimeinua uso naitazama minara niliposikia simu ya Mwende ikilia.

Alisikiliza. Akasema maneno machache, akasikiliza tena, akakata.

"Mami, kuna dharura hospitalini. Lazima nirudi sasa hivi. Nyinyi bakini, hoteli iko sawa, kesho nitakuja niwasindikize uwanjani."

"Twende wote," nikasema. "Nichukue begi langu."

"Mami, naenda kazini."

"Nenda kazini. Mimi nipe ufunguo, nitakungoja kwako."

"Hakuna ufunguo."

"Nyumba gani haina ufunguo?"

Akaketi kwenye ngazi za kanisa. Mtu mzima, akaketi chini na koti lake zuri. "Mwaitu," akasema. Hilo ni neno letu la Kikamba la kumwita mama, na sikuwa nimelisikia kutoka kwake tangu akiwa shule ya msingi. Ndipo yakatoka. Hakuna hospitali. Mtihani wa lugha ulimwangusha mara mbili, na masomo ya uuguzi yakaishia hapo. Sasa anamtunza bibi mmoja mzee. Anampikia, anamwogesha, anamvisha, na analala huko huko katika chumba cha juu kwa sababu bibi huamka akiita. Jiko lenye makabati ya manjano ni la bibi. Wiki hii mtoto wa kiume wa bibi ndiye aliyekuwa amekubali kukaa na mama yake ili Mwende atutembeze. Sasa amepiga simu kusema ana mambo yake, ameshachoka, anaondoka leo.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia aje, Mami? Ulikuwa umeonyesha kanisa nzima hiyo jikoni."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumbeba mgongoni nimrudishe Kitengela hivyo alivyo. Nilimkasirikia yeye kwa kunidanganya, nikamkasirikia Baba Mutua kwa kunyamaza, nikamkasirikia yule mwanaume aliyechoka na mama yake mzazi kabla wiki haijaisha. Mtoto wangu anaogesha mama wa mtu kila asubuhi, na mimi mama yake nazungushwa hoteli hadi hoteli kama mzigo uliokosa mwenyewe! Nilisema hayo yote kwa sauti. Watalii wakasogea kando.

Msiniulize kama Mwende anajua nawaandikia haya. Yeye mwenyewe aliniambia, "Waambie, Mami. Nimechoka na yale makabati."

Nilipomaliza kufoka nikamuuliza, "Humo ndani una kitanda chako?"

"Niko nacho."

"Chumba kina mlango?"

"Kina."

"Basi ni kwako. Inuka twende."

KWA MWENDE

Tulipochukua begi hotelini tukafika, yule mtoto wa bibi alikuwa mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Alitusalimia kwa mkono, akasema kwa Kiingereza kwamba amefurahi sana kutuona, na kweli alifurahi, maana kabla hatujaweka begi chini gari lilikuwa limeshapotea kwenye kona.

Bibi alikuwa ameketi sebuleni karibu na dirisha, mdogo, nywele nyeupe zimechanwa vizuri. Zimechanwa na mtoto wangu, nikajua. Nilimsalimia kwa mikono miwili kama tunavyosalimia mtu wa umri wake. Akanitazama, akamuuliza Mwende jambo.

"Anauliza kama nyinyi ndio mmekuja kuchukua kazi yangu."

"Ai! Mwambie mimi ni mama yako."

Mwende akamwambia. Bibi akanitazama tena, muda mrefu, kisha akamtazama Mwende. Akasema kitu kifupi.

"Amesema nini?"

Mwende alikuwa anaangalia zulia. "Anasema hakujua niko na mama."

Anakaa naye, analishwa naye, na hakujua. Hakuwa ameuliza! Sikumjibu, kwa sababu lile ambalo lingetoka halifai mtu mwenye mvi. Nikaomba kupitia Mwende ruhusa ya kutumia jiko, akatikisa kichwa kukubali. Nikaingia katika lile jiko. Ni zuri kama kwenye picha. Sikugusa kabati hata moja. Nilipika kwa sufuria yangu, ndengu zangu, unga wangu, nikasonga ugali kwa mwiko ambao ulinusurika kuitwa silaha, huku Mwende akimbadilisha bibi nguo na kumpa dawa na kumkatia mkate vipande vidogo vidogo.

Kisha tukapanda juu na chakula. Chumba ni kitanda, meza, na dirisha kwenye paa linaloinama. Baba Mutua aligonga kichwa mara tu alipoingia, akajikaribisha mwenyewe. Hapo ndipo nilipofungua begi lote, nikatoa vilivyobaki. Leso nikatandika kitandani. Thermos mezani. Sukari na majani chini ya dirisha. Kila kitu nilisema kimetoka kwa nani, nikawataja nyinyi wote kwa majina, na Mwende alikuwa anashika kila kitu kwa mikono miwili anaweka. Baba Mutua akaomba, maombi mafupi.

"Sasa tupakulie," nikamwambia Mwende. "Wewe ndiwe mwenye nyumba."

Akampakulia baba yake, akanipakulia mimi, akajipakulia. Tukaketi watatu kwenye kitanda kimoja, sahani magotini. Nikaweka tonge la kwanza mdomoni. Niseme nini? Nilikuwa nimekula kwa mtoto wangu.

Kengele ikalia chini. Kengele ndogo ya mkono, kumbe bibi huwa nayo pembeni mwa kiti. Na kabla haijanyamaza Mwende alikuwa amesimama, sahani iko chini, bado anatafuna, mkono mmoja anaufuta kwenye suruali. Hakufikiri. Miguu yake ilishazoea. Nikaelewa kwamba hivyo ndivyo mtoto wangu anavyokula, siku zote, tangu aje hapa.

"Keti."

"Mami, ataita tena."

"Keti ule."

Nikateremka mimi. Bibi alikuwa ameiinua kengele mbele yake tayari kuipiga tena. Akaona ni mimi, akasema maneno yake, mengi, akielekeza mkono juu kwenye ngazi. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, sauti ile ya kutangaza kanisani, "Mama, ngoja. Mwanangu anakula."

Akasema tena. Nikarudia vile vile. Blanketi lilikuwa limeanguka miguuni mwake, nikaliokota nikamfunika, nikalikaza pembeni. Nikamsogezea glasi ya maji, akanywa. Kisha nikaichukua ile kengele mkononi mwake, taratibu, nikaiweka mapajani mwangu, nikavuta kiti nikaketi mbele yake. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka macho yananiuma, na ndani ya nyumba hiyo sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia ila huyu mzee wa watu. Alinitazama. Nami nikamtazama. Tukakaa hivyo hivyo, mama wawili, hakuna anayejua lugha ya mwenzake.

Juu nilisikia kijiko kikikwangua sufuria. Kisha nikasikia Mwende akicheka jambo alilosema baba yake, akacheka tena.

Aliteremka baadaye kidogo na vyombo mkononi. Sahani yake ilikuwa tupu, na sufuria pia. Nikamuuliza kama ameshiba.

"Nimeshiba, mwaitu."

Ndipo nikainuka, nikamrudishia bibi kengele yake.